Ngoma Iliyovuma Bila Kupigwa

Nilipoingia uani kwa mjomba na kumkuta amekalia mzinga wa nyuki wa babu, msumeno umeshazama nusu ya gogo, nilipiga ukelele hata kuku wakatawanyika.

Mzinga ule ulikuwa wa mninga mtupu, gogo moja lililokombwa ndani likabaki ukuta na uwazi. Babu aliuchonga kabla mama yangu hajazaliwa. Ulining'inia porini miaka na miaka, ukajaa na kurinwa, ukajaa tena, mpaka pori lenyewe likakatwa kwa ajili ya kuni za kukaushia tumbaku na nyuki wakahama. Mjomba akaurudisha nyumbani kwa baiskeli, akaulaza kando ya jiko, na hapo ukakaa kama mzee ambaye hakuna anayemuuliza neno. Watoto wa nyumba ile tulikatazwa kuukalia. Sasa yeye mwenyewe alikuwa ameupanda kama punda, na vumbi jekundu la mninga likimwagika juu ya miguu yake.

"Mjomba! Unafanya nini?"

"Shikamoo kwanza," alisema bila kuinua uso.

"Shikamoo."

"Marahaba, mpwa wangu. Natengeneza ngoma."

Nilisimama pale na begi langu begani. Nilikuwa nimerudi Tabora kutafuta utulivu wa kuandika, na utulivu ulikuwa umeishia mlangoni.

Habari yenyewe nilipewa na mama mdogo, dada yake mjomba, aliyekuwa jikoni akicheka kwa mshangao wangu. Mama mdogo hupiga ngoma ya nyaya katika bendi ya matarumbeta ya mtaani. Ni ile ngoma ndogo inayofungwa kiunoni, ambayo kwenye kiwambo chake cha chini zimetandazwa nyaya nyembamba. Ukiipiga nyaya hurukaruka, na sauti inapasuka kama mahindi makavu kwenye chungu. Bendi yao haina dini wala kabila. Leo inamsindikiza bibi harusi wa Kiislamu Gongoni, kesho inatoka kanisani Ipuli, kesho kutwa iko Kaliua ikicheza mbele ya pikipiki zilizofungwa maputo. Ngoma yao ya zamani ilikuwa imechanika ubavu katikati ya harusi, na mama mdogo akamaliza safari kwa kupiga beseni la maharusi. Sasa bendi ilikuwa inatafuta ngoma mpya, na mjomba alikuwa amesema wasinunue mpaka wasikie yake.

"Anajua nini kuhusu ngoma?" nilinong'ona.

"Hajui kitu," mama mdogo alisema, na mara ile kicheko kikamtoka usoni. "Lakini mwache. Amesema bendi wakiichukua, bendi za Nzega na Igunga nazo zitaiona, atapata kazi ya kuchonga. Wasipoichukua, Jumatatu anapanda basi."

"Kwenda wapi?"

"Machimboni. Shemeji yake anampigia simu kila siku. Dhahabu, dhahabu."

Nilijua kwa nini ameshusha sauti. Mwaka uliotangulia jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa amerudishwa kutoka shimo la huko Nzega amefunikwa shuka, na ni mjomba aliyemvua viatu. Mjomba yule yule sasa alikuwa anazungumzia basi la Jumatatu kama mtu anayezungumzia mvua. Mizinga yake haikuwa na wanunuzi tena. Watu walitaka masanduku ya mbao za kupigiliwa misumari, yale yanayofunguliwa kwa juu. Mtu aliyejua kazi moja tu maishani alikuwa ameamua kuijaribu kwa jina jingine, mara moja, kisha basi.

Nilikaa nikamtazama akifanya kazi. Alikata kipande cha mzinga kiasi cha shibiri na nusu, akakichonga nje kwa tezo mpaka kiwambo cha plastiki kikakaa juu yake kama kofia. Ndani hakugusa sana. Ukuta aliuacha mnene, unene wa vidole viwili, na nilipomuuliza akanitazama kama niliyeuliza kwa nini nyumba ina paa. "Ukuta mwembamba unapasuka juani," alisema. Alitoboa tundu moja ubavuni la kupumulia, kwa kuwa aliambiwa kila ngoma ya nyaya inalo. Kisha akayeyusha nta kwenye kopo la maziwa, akaisugua ndani ya ukuta kwa kitambaa, taratibu, pande zote, akinusa.

Kwa chuma ndipo aliponiacha mdomo wazi. Pete za kubana viwambo alizipata kwenye rimu za baiskeli, akazikata, akazipunguza, akaziunga upya. Skrubu za kukazia zilitoka kwenye kitanda cha chuma. Kishikio cha kuzikaza na kuzilegeza nyaya kilikuwa breki ya baiskeli, ukiibana nyaya zinagusa kiwambo, ukiiachia zinashuka. Nyaya zenyewe alipewa na mama mdogo kutoka kwenye ngoma iliyokufa. Alipomaliza aliipaka mafuta ya karanga, na mninga ukaamka. Rangi yake ilikuwa ya asali iliyokaa, yenye mistari myeusi kama njia za siafu. Sikuwahi kuona ngoma nzuri kama ile. Wala sikuwahi kubeba ngoma nzito kama ile.

Bendi huhifadhi vyombo vyake katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji, na mwenye duka ndiye kiongozi wa bendi. Wote humwita Mwalimu. Ni mtu wa mjini hasa, kofia ya kufumwa, sindano kwenye ukosi wa shati, ambaye babu zake walifika na misafara wakakuta Tabora inawatosha. Alikuwa na msimamo mmoja, kwamba haki ifanyike. Ngoma tatu zilikuwa zimeletwa, na akaamuru zikae juu ya kabati kando ya dirisha mpaka Jumamosi, asiguse mtu.

"Nikiwaachia mzipige kila siku," alisema, "mtakuwa mmeshaoana nazo."

Ya kwanza ilikuwa ya chuma kitupu, mpya, kutoka duka moja la Mwanza. Iling'aa mpaka ukajiona meno ndani yake. Kila skrubu ilikuwa na mwenzake, na bei yake ilimfanya Mwalimu avue miwani, aifute, aivae tena. Ya pili ilitoka Nzega. Ilikuwa ya kijana wa mnunuzi mmoja wa dhahabu, aliyenunuliwa seti nzima ya ngoma akaichoka. Nje ilivikwa plastiki ya kumetameta iliyoanza kubanduka, na pale ilipobanduka uliona mbao zake, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, zimegundishwa kama chapati za maji. Ukuta wake wote ulikuwa mwembamba kuliko kidole changu kidogo. Lakini pete zake zilikuwa chuma cha kumiminwa, nzito, na Mwalimu alisema ngoma ile thamani yake iko kwenye pete. Ya tatu ilikuwa ya mjomba.

"Na hii?" aliuliza mpiga tromboni siku ile zilipopandishwa kabatini. "Hii ni ngoma au kinu?"

Mpiga tromboni ni Mzaramo. Reli ndiyo iliyomleta Tabora kikazi, akastaafu, akaoa hapa, akabaki. Kwa hiyo ni mtani wa mjomba. Wanyamwezi wa kwetu waliposhuka pwani na mizigo zamani za misafara, Wazaramo ndio waliowapokea, wakawafanyia mizaha, wakafanyiwa, na utani huo haujaisha mpaka leo. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako nawe ukacheka. Anaweza kuchukua kitu chako, ukatakiwa ukikomboe.

"Mtani," mjomba alimjibu, "kinu kwenu mnakijua? Mimi nilidhani mnameza mpunga na maganda."

"Mpagazi wee! Umezoea kubeba meno ya tembo kichwani, ndiyo maana umetengeneza ngoma ya kuua mwanamke. Dada yako ataibeba kiunoni hii? Mkodishieni toroli."

Mama mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. Mjomba naye alicheka, lakini niliona mkono wake ukiigusa ngoma kwa chini, pale mtu anapomgusa mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza.

Jumamosi asubuhi na mapema Mwalimu alizishusha mwenyewe, chumba kikiwa bado giza, akazivika kila moja kanga kiunoni, akaikaza kwa fundo, ili watu wapime kwa masikio wasipime kwa macho. Viwambo vya juu vya zote tatu vilikuwa vya aina moja. Mjomba alitakiwa akae nje barazani asije akakonyeza mtu. Wanabendi walikaa kwenye mabenchi, mimi nikakaa sakafuni karibu na cherehani. Upande wa pili wa ukuta mashine ya kusaga ilikuwa ikiunguruma, kama inavyounguruma kila siku ya gulio.

Mama mdogo akachukua vijiti.

Ya kwanza ilipiga kelele kama kioo kinachoanguka. Ilikuwa safi, kali, ikaingia sikioni na kutoka upande wa pili bila kubisha hodi. Mpiga besi alipangusa sikio. Ya pili ilikuwa tamu zaidi; ilipasuka vizuri, ikafunga vizuri, na alipopiga mdundo wa maandamano miguu ya watu ilianza yenyewe. Watu walitazamana wakatikisa vichwa kwa kukubali.

Alipopiga ya tatu, nilisisimka.

Sijui niseme nini kuhusu sauti ile. Ilikuwa fupi na kavu, nayo ilitoka chini sana. Ilikuwa kama neno la mtu ambaye halirudii. Kila pigo lilifika likaishia palepale, halikuacha mkia, na baada yake ukimya ulionekana umekatwa kwa kisu. Mama mdogo mwenyewe alisita, akaitazama ngoma, akapiga tena, na tena, akatabasamu kama msichana.

Mwalimu akamwashiria mpiga tromboni apulize karibu na kila ngoma. Hilo ni jaribio la lazima, kwa sababu nyaya za ngoma ya aina hii zina tabia ya kuitikia chombo kingine kikilia jirani, zikitetema zenyewe bila kupigwa, na ngoma ya umbeya namna hiyo huharibu wimbo. Ya kwanza iliitikia kidogo. Ya pili iliitikia zaidi kidogo. Ya tatu ilivuma, na tromboni iliponyamaza iliendelea kuvuma.

"Hii haina adabu," alisema mpiga tromboni. "Wimbo umekwisha, yenyewe inaendelea."

Mama mdogo aliachia breki, nyaya zikashuka. Ikaendelea.

"Pete imelegea," alisema. "Hiyo inakazwa tu."

"Au ni mashine ya hapo jirani," alisema Mwalimu. "Haya. Nani anataka ya kwanza?"

Mkono mmoja. Ya pili, mikono miwili. Ya tatu, mikono yote iliyobaki ikapanda, na wa juu kuliko wote ulikuwa wa yule Mzaramo. Nilijua ile ya tatu ni ya mjomba. Mama mdogo alijua kwa uzito wake. Nilikimbilia mlangoni nikamwita mjomba, na alipoingia na kuona ule mkono wa mtani wake hewani, alifumba macho.

"Fungua, Mwalimu," alisema mpiga tromboni. "Tumwone bibi harusi."

Mwalimu alilifungua fundo, na kanga ikaanguka.

Kwanza lilitoka joto, joto lenye harufu ya nta. Kisha ule uvumi uliokuwa umezibwa na kitambaa ukafunguka ukajaa chumba, nikaelewa kwamba haukuwa wa nyaya, wala wa pete, wala wa mashine ya kusaga. Kwenye tundu la ubavuni walikuwa wanatoka mmoja mmoja kwa haraka, kama watu wanaotoka kwenye nyumba iliyotikiswa.

"Nyuki!" mtu alilia.

Benchi lilipinduka. Mpiga besi aliondoka na pazia la mlango. Mwalimu, mtu wa heshima zake, aliingia chini ya meza ya kukatia vitambaa na kofia ikabaki juu. Mpiga tromboni aliruka na chombo chake, akapiga kelele iliyomfungua mdomo, na hilo likawa kosa lake. Nilimwona akijishika midomo kwa mikono miwili huku akizunguka. Mimi nilikuwa nimegandamana na cherehani, siwezi kwenda mbele wala nyuma. Mwili wangu haukuogopa nyuki. Ulishtuka kwa jambo jingine, kwamba tulikuwa tumekaa nusu saa tunapima mbao na chuma, na muda wote ule kulikuwa na umati ndani.

Mtu mmoja tu alitembea, naye alikuwa mjomba. Alikwenda kwenye ngoma bila kuharakisha, akaweka kidole gumba juu ya tundu, akakiacha hapo.

"Nipe hiyo kanga," aliniambia. "Taratibu, mama. Usipepee mikono."

Nilimpa. Aliizungushia ngoma kanga, akaibeba kifuani, akatoka nayo barabarani akapita katikati ya gulio. Watu walimsalimia naye akaitikia, na kidole gumba chake kilipotoka kwenye tundu jioni kilikuwa kimevimba kama kiazi.

Tuliifungua machweo, nyuma ya nyumba, mimi na mama mdogo tumejifunika mashuka, mjomba ana kipande cha gunia kinachofuka moshi. Alikuwa ameshaelewa yote, akanieleza huku akifungua skrubu. Mti ule ulikuwa umelewa nta ya miaka ya babu, naye akaongeza ya kwake. Kila kitu cha mviringo alichowahi kukitengeneza alikipaka nta ndani, ili nyuki wakubali. Mkono wake haukuwahi kufundishwa kufanya vingine. Kisha ngoma ikakaa kando ya dirisha bila kuguswa, tundu moja, kivuli, ukuta mnene, na makundi ya nyuki yapo njiani kwa sababu miti inachanua.

"Miaka mitatu nimetundika mizinga," alisema. "Miaka mitatu nimesubiri. Hawakuja hata kunusa."

Alikiinua kiwambo cha juu, nikaona masega. Yalikuwa madogo, meupe kama karatasi, yameanza kujengwa chini ya kiwambo chenyewe, na katikati yalikuwa yamevunjika kwa vijiti vya mama mdogo. Nyuki walikuwa wameyazunguka wakiyashika, miguu kwa miguu. Mama mdogo alipoona vile aliziba mdomo kwa shuka.

Mjomba aliwahamisha kwenye mzinga mwingine, taratibu, mpaka malkia akaingia na wengine wakamfuata kama maji. Kisha akaisafisha ngoma, akarudisha kiwambo, akakaza skrubu za kitanda moja moja, akampa dada yake vijiti.

"Ipige."

Mama mdogo alipiga pigo moja.

Ngoma ililia, ikaendelea kulia, kama sufuria iliyoanguka saruji ambayo hakuna anayeikimbilia. Alipiga tena. Mlio juu ya mlio, mkia juu ya mkia, mpaka huwezi kujua pigo limeanzia wapi. Ile sauti kavu, ile iliyoinua mikono ya watu wazima, haikuwa ya mninga. Ilikuwa ya nta mbichi na maelfu ya miili midogo iliyokuwa imekishika kiwambo kwa ndani.

"Kaka," mama mdogo alianza, na sauti yake ilikuwa ya chini, "wao wameshachagua. Tutabandika kitambaa kwa ndani. Nitapiga pole pole. Nani atajua?"

Mjomba alikuwa anakinyonya kile kidole kilichovimba.

"Wewe utajua," alisema. "Na atakayelaumiwa harusini ni wewe, si mimi. Mimi nitakuwa nimeshalipwa."

"Sasa Jumatatu?"

Mjomba aliifunika ngoma kwa kanga akaingia ndani.

Asubuhi yake, kabla bendi haijaenda harusini, aliirudisha pale dukani. Watu walikusanyika nje ya mlango, hakuna aliyekuwa na haraka ya kuingia. Mpiga tromboni alikuwepo, na mdomo wake wa juu ulikuwa umefika puani. Siku ile hakuweza kupuliza hata filimbi.

"Shalamu aleikumu, muuaji," alisema, na hata Mwalimu alishindwa kujizuia.

Mjomba hakucheka. Aliiweka ngoma juu ya kiti, akatamka mbele yao wote kwamba sauti waliyoichagua jana haikuwa yake, na sauti yake ni hii. Akampa ishara mama mdogo. Ngoma ikalia ule mlio wake mrefu barabarani, mbwa mmoja akainua kichwa.

Nilitegemea wamzomee. Badala yake, Mwalimu aliinama, akaingiza kidole kwenye tundu, akaupima unene wa ukuta kwa ndani. Kisha akaenda akaileta ile ya Nzega, akaziweka pamoja, akamwonyesha mjomba ukingo wa mbao zake za tabaka.

"Ndugu yangu," alisema kwa upole, "hii ya Nzega imetengenezwa itikisike, kisha pete nzito zinaituliza. Wewe umeweka ukuta usiotikisika na pete za baiskeli zinazotikisika. Umegeuza. Mbao yako ni bora kuliko zote tatu, naapa. Lakini umeitengenezea nyuki, hukututengenezea sisi."

"Ukuta mwembamba unapasuka juani," alisema mjomba.

"Ngoma haikai juani miaka ishirini. Inakaa kiunoni kwa dada yako, jioni inalala kabatini."

Wakachukua ya Nzega. Hapakuwa na kura. Mjomba aliwapa mkono wote, akasema imekuwa heri, na kwamba kesho wakisikia yuko Nzega wamwombee. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa. Mama mdogo aligeuka akatazama ukuta.

Mpiga tromboni ndiye aliyetembea. Alipita katikati yetu mpaka kwenye baiskeli ya mjomba, akafungua mkoba wa ngozi uliokuwa kwenye keria, akatoa tezo. Ilikuwa tezo ileile, mpini umelika kwa viganja vya watu wawili, baba na mwana.

"Hii naichukua," alisema kwa ule mdomo mzito. "Fidia ya mdomo wangu."

"Mtani, acha mzaha."

"Nani anafanya mzaha? Mdomo wangu ndio chakula changu. Leo nimekosa harusi. Umenipiga kwa jeshi lako, Mnyamwezi wee, mbele ya watu, halafu unataka kupanda basi? Mtu hasafiri akiwa na deni kwa mtani. Hata babu zako waliokuwa wanabeba pembe walikuwa na haya kuliko wewe."

"Nirudishie tezo yangu!"

"Ikomboe."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa ngoma. Ukuta wa kidole kidogo. Kidole changu, si hicho kiazi chako." Akaitupa tezo begani, akaanza kushuka barabara ya kuelekea kota za reli, kanzu yake ikipepea, bila kugeuka.

Mjomba alisimama. Niliona hasira ikimpanda shingoni, hasira ya kweli, ya kwanza kuiona kwake tangu nirudi. Kisha akapiga kelele mtaa mzima ukasikia: "Mzaramo! Mla maganda! Hiyo tezo ikipata kutu nakuzika nayo!" Akakimbia nyuma yake, mtu wa umri ule, kandambili mkononi.

Watu waliangua kicheko. Mimi sikuweza. Nilikuwa bado nimesimama na mdomo wazi, kwa sababu ndipo nilipofahamu kwamba yule mtu mwenye mdomo mkubwa alikuwa amefanya kwa tusi moja jambo ambalo sisi wenye damu yake hatukulithubutu kwa machozi.

Jumatatu nilikwenda stendi ya mabasi, kwa hofu tu. Basi la Nzega lilijaa, kondakta akaita, likaondoka. Mjomba hakuwamo. Nikashuka kota za reli.

Nilisikia kabla sijaona, tezo ikila mti kidogo kidogo. Mjomba alikuwa amekaa chini uani kwa mtani wake na kipande kingine cha mzinga wa babu kati ya magoti. Mtani alikuwa juu ya kigoda, barafu ya mfuko imeshikizwa mdomoni, akitoa amri.

"Nyembamba zaidi."

"Itapasuka."

"Ipasuke. Gogo si limebaki? Au mwenzangu unaliogopa gogo?"

"Mimi niogope gogo?" Mjomba aliigeuza tezo, akaupima ukuta kwa kucha, akasita. Mkono wake wote ulikuwa unamwambia aache hapo. Kisha akakata, na ubale ukaanguka miguuni pangu, mwekundu, mwembamba kama ngozi ya kitunguu.

"Zaidi," alisema Mzaramo.